Mfereji Wenye Utepe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyaruai alibeba mtungi wake, akaupita mfereji mpya wa maji ya bomba, akashuka mteremko hadi kijitoni. Kijito hicho kilinywewa na ng'ombe wa kijiji cha Umoja, bata wa Umoja na watu wa Umoja. Mfereji haukunywewa na yeyote. Ulifungwa utepe mwekundu na kuzungushiwa miiba, ukimsubiri mheshimiwa mbunge aje kuufungua rasmi. Aliahidi mwezi wa pili, akaahidi wa nne, na sasa ulikuwa wa sita, mwaka wa 2004.

"Mama, hayo maji ni ya nani?" Nyaruai aliuliza.

"Ni yetu. Si uliniona nikichimba mtaro mpaka viganja vikachubuka?"

"Basi mbona hatuteki?"

"Bado hayajafunguliwa."

"Lakini yamo ndani ya bomba. Ukitega sikio unayasikia."

"Maswali yako yataniotesha mvi. Chukua mtungi."

Alimwuliza pia Mzee Muigai, mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Mgeni akikuta utepe umekatwa atasema nini?" mzee akajibu. "Ati tulikula kabla yake? Atatunyima hata barabara."

Nyaruai akazidi kuchanganyikiwa. Nyumbani kwao, mgeni akichelewa, watoto hulishwa.

Wiki hiyo mdogo wake, Kibe, alishikwa na homa. Siku ya nne hakuweza hata kuketi. Mama yao, Rosaline, akamfunga mgongoni, akamchukua na Nyaruai, wakaenda hospitali ya misheni kule Lugulu.

Muuguzi aliitwa Wilkista. Alimpima Kibe joto, akamtazama ulimi.

"Mnakunywa maji ya wapi?"

Rosaline alisita. Kamati ilikuwa imewaonya wote: msiaibishe kijiji, semeni tuna mfereji.

"Ya mfereji, sista."

"Vizuri. Basi tuanze na dawa ya malaria."

Nyaruai alimtazama mama, akamtazama muuguzi. Mama hakuwa mwongo. Aliwahi kumchapa Nyaruai kwa uongo mdogo kuliko huo. Sasa mtoto mwema afanye nini? Anyamaze kwa heshima, au aseme? Kibe akaguna. Nyaruai akasema.

"Ni ya kijito, sista. Mfereji umefungwa."

"Umeharibika?"

"Ni mzima."

"Hauna maji?"

"Yamo."

Wilkista akaweka kalamu chini. "Hebu nieleze polepole, mwanangu. Mimi ndiye nimepotea."

"Tunangoja mheshimiwa akate utepe."

Muuguzi hakucheka. Alitoa damu ya Kibe, akaipeleka kupimwa. Ilikuwa homa ya matumbo.

"Mama Nyaruai," alisema, "dawa ya malaria ingemwacha mtoto akiungua hivyohivyo. Msichana wako ametuonyesha njia."

Rosaline aliinamisha kichwa. Kibe alilazwa siku sita, akapona.

Walipofika nyumbani, Rosaline hakuingia ndani. Alichukua panga, akaondoa miiba, akaukata utepe, akaufungua mfereji. Maji yakatoka na kutu, kisha yakatakata. Mzee Muigai alikuja mbio, kofia mkononi.

"Rosaline, umetuharibia!"

"Mzee, unalikumbuka josho la ng'ombe? Tulilijenga mwaka wa sabini na tisa. Mimi nilikuwa mtoto, nikibeba mawe kwa kichwa. Likafungwa kumngoja mgeni. Alikuja?"

Muigai aliipindapinda kofia.

"Nakuuliza, alikuja?"

"Hakuja," mzee akasema polepole. "Kuta zilipasuka. Siku hizi ni nyumba ya nyoka."

"Na ng'ombe wetu?"

"Walikufa kwa kupe, bana. Najua." Akavaa kofia yake, akaenda nyumbani. Wanawake waliokwisha kupanga foleni wakadhani anaenda kumwita chifu. Alirudi na mitungi miwili, akasimama nyuma ya foleni.

Nyaruai alikuwa bado na swali. "Mama, nilikukosea heshima kule Lugulu?"

Rosaline alifikiri kwanza. "Uliniaibisha, ndiyo. Lakini ungenyamaza ili nisiaibike, leo tungekuwa tunachimba kaburi. Heshima inayomwua mtoto si heshima, ni woga. Sema kweli, hata mbele yangu. Na kitu cha umma ni chako: ukitumie, ukitunze, usiombe ruhusa ya kunywa jasho lako."

Mheshimiwa alifika mwezi wa nane, na mkasi wake. Alikuta foleni ndefu. Akaambiwa asubiri kidogo, akina mama wamalize kuteka.