Nilimwambia Baba Ulimi Wake Umezeeka, Kisa Krafti Bia

Nina miaka thelathini na sita, sina mke, na baba yangu yu hai lakini tukikutana hanipi zaidi ya salamu. Naishi Kibeta, hapa hapa Bukoba mjini. Msinionee huruma mapema, wasomaji wenzangu. Subirini kwanza mjue nilichokifanya...

Nimezaliwa Kaagya, kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Baba, ambaye sisi Wahaya tunamwita Tata, alikuwa mkamuaji wa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Ndizi zikishaiva zinamenywa, zinakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, kisha unatia unga wa mtama uliokaangwa na kufunika kwa majani ya mgomba. Kesho yake unakunywa. Ukichelewa siku chache, imeharibika.

Lakini sifa ya Tata haikuwa miguu, ilikuwa ulimi! Kwetu aliyeleta pombe ndiye anayeonja kwanza mbele ya watu, ndipo wengine wanywe. Kuonja kule ni kiapo. Na pale Kaagya, iwe harusi au posa, hata mwenye pombe alimwomba Tata amwonjee. Akisema "kunyweni", watu wanakunywa. Akisema "hii bado", kibuyu kinarudishwa ndani na hakuna anayebisha. Hakuwa na cheo kingine duniani, wala hakukitaka.

Sasa nikatokea mimi, mjuaji! Nilisomea mambo ya hoteli, nikapata kazi kwenye mgahawa mmoja karibu na ziwa. Mama mwenye mgahawa alikuwa ameishi nje, na yeye ndiye aliyenifundisha neno krafti bia. Alinieleza kwamba ni bia inayotengenezwa na mtu au kikundi kidogo, kwa kiasi kidogo, kwa mikono na ujuzi wao wenyewe, si ile ya kiwanda kikubwa ambayo chupa zote zinafanana. Mnywaji wake anataka kujua nani kaitengeneza, wapi, na kwa nini ina ladha ile.

Nikacheka. Nikamwambia, basi Tata anatengeneza krafti bia tangu sijazaliwa! Yeye hakucheka. Alisema wapo watakaobisha kwamba bia lazima iwe ya shayiri, waache wabishe, mimi nilete hiyo rubisi.

Nikaileta. Tukaitia kwenye chupa, tukabandika karatasi ya kaki yenye maneno: "Krafti bia ya Kaagya, imekanyagwa na mzee mwenyewe." Weee! Wageni walipiga picha chupa kabla ya kunywa. Tata alishangaa rubisi inahitaji jina jipya la nini. Nilipomweleza maana, alifikiri kidogo, akauliza kama maana yake ni kwamba mwenye pombe anajulikana. Nikamjibu ndiyo. Akasema basi ni jina zuri.

Kilichoniponza ni tamaa. Wateja waliongezeka, na Tata goti lilianza kumvimba, hakuweza kukanyaga kila siku. Je, nilimwambia mama mwenye mgahawa kwamba pombe imekwisha? Thubutu! Nilinunua ndizi zozote sokoni, nikaziponda, nikaongeza maji, sukari na hamira ya mikate. Karatasi ya kaki nikabandika ile ile. Hakuna aliyelalamika hata mmoja... Siku hizi mjini chochote chenye karatasi ya kaki kinaitwa krafti bia. Mimi ni mmoja wa waliolichafua neno hilo.

Ndipo nikampata Adelina, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa wakulima wa karibu na Rubya, kule Muleba. Nilimpenda mno. Tulipopanga siku ya posa, Tata alitoa sharti moja tu. Rubisi ya posa nikanyage mwenyewe, kwa ndizi za kibanja chetu. Kwa wakwe hatupeleki cha kununua.

Nikakanyaga, na ilitoka nzuri haswa. Nikaipeleka kwangu Kibeta ikae tayari kwa safari ya kesho yake. Mara simu ikaita! Mama mwenye mgahawa ana wageni wakubwa, wanataka krafti bia yenyewe, na safari hii yupo mmoja anayejua pombe kweli kweli. Niliogopa kumpa ile ya hamira. Nikampa yote niliyoikanyaga, na vibuyu vya posa nikavijaza ile ya hamira. Nilijiambia wazee wa shamba watajua nini? Watakuta sukari, watafurahi! Tata mwenyewe sikumkumbuka hata kidogo. Jamani, mtu unaweza kuwa mjinga kiasi gani?

Tulipofika Rubya tulipokelewa vizuri, tukapewa kahawa za kutafuna. Mshenga akaongea, ukumbi ukachangamka. Kisha Tata akaombwa aonje. Akashika mrija, akavuta. Akavuta tena. Halafu akasema taratibu, kwa Kihaya, kwamba pombe hii haijui na hawezi kuwapa wakwe kitu asichokijua.

Mshenga alinikodolea macho. Adelina alikuwa amesimama mlangoni na sinia mikononi. Pale pale ningeweza kusema kweli. Wangenirudisha nyumbani na vibuyu vyangu, ningeaibika, ningerudi wiki nyingine na pombe halali. Basi, yangekwisha!

Lakini nilisema nini? Nikasema, "Wazee wangu, msimsikilize Tata, amezeeka. Ulimi wake siku hizi haushiki ladha. Hata uji anasema una chumvi." Na nikacheka. Watu wawili watatu wakacheka na mimi.

Tata alinitazama. Laiti angenizaba kofi! Aligeuka, akamwambia baba yake Adelina, "Mtoto anasema kweli, waitu, ndugu yetu. Nisameheni, ni uzee." Akashika mrija tena, akanywa funda kubwa, akasema, "Kunyweni."

Wakanywa, wakaisifu. Posa ikakubaliwa!

Njia nzima ya kurudi Bukoba aliniuliza swali moja tu, ile niliyoikanyaga nimempa nani. Nikamwambia, wageni wa mgahawani. Akajibu, "Sawa."

Haikupita wiki, Adelina akaniita. Hakupiga kelele. Alisema alimwona Tata usoni na akajua nani mwongo kati yetu. "Kama umeweza kumfanyia hivyo baba yako mbele za watu," aliniuliza, "mimi utanifanyia nini tukiwa wawili?" Nililia, nikapiga magoti... Hakurudi nyuma. Kwao alisema tu kwamba amebadili mawazo.

Kule Kaagya habari zikawa zimefika kwamba mzee ulimi umekufa, mwanawe mwenyewe kasema. Kwenye harusi ya jirani mrija alipewa mtu mwingine. Nilikuwepo. Tata alikaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, anatazama wenzake wakinywa. Sikulala vizuri tangu siku ile.

Jumapili moja baada ya misa nilisimama mbele ya wazee wote, Tata akiwepo, nikatapika yote. Hamira, sukari, wageni, uongo wa Rubya! Mkamuaji mmoja rafiki yake akanishika mkono, machozi yakimlenga, akasema mimi ni mtoto mwema, nimekubali kujipaka matope ili nimfichie baba aibu ya uzee. Nikapiga kelele kwamba si hivyo, ni kweli tupu! Wote wakamgeukia Tata.

Akasema, "Ananihurumia tu."

Nyumbani nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Kule Rubya nilisema kwa mdomo wangu kwamba ni uzee, kisha nikawaambia wanywe. Leo nikisema nilidanganya, nani ataniamini tena kwa lolote?" Akaingia ndani. Tangu siku hiyo ni salamu tu.

Kazi ya mgahawa niliacha. Ndugu zangu mnaotengeneza vitu kwa mikono, msibandike jina la mtu kwenye kitu ambacho hakukigusa. Na ukimsikia mzazi wako anasema kweli mbele za watu, na kweli hiyo inakuumbua, nakusihi, umbuka! Kubali uumbuke pale pale, kuna kurudi nyumbani. Mimi nilikataa, na sasa kila nikipita Kaagya watu wananisalimia kwa heshima kwa sababu ya wema wangu kwa baba... na ninawaitikia, nitafanyaje?