Mlango wa Nyuma Ufunguliwe

Kwenye karakana ya kushona sare, kila mtu alimwita Chiriku. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi, na mdomo wake haukujua likizo.

"Wewe ukifa, ulimi utazikwa kesho yake," mshona vifungo alimtania.

"Na wewe ndiye utakayeusindikiza," Chiriku alijibu, na meza nzima ikaangua kicheko.

Karakana ilikuwa ghorofani, na ilikuwa na milango miwili. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kufuli kila asubuhi. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa msimamizi. Alisema anazuia wizi wa vitambaa.

Siku moja waya wa pasi ulishika moto karibu na mlango wa mbele. Moshi ukajaa. Watu wakakimbilia mlango wa nyuma, wakakutana na kufuli. Msimamizi alikuwa amekwenda kunywa chai. Mshona vifungo, mgonjwa wa pumu, alianguka chini akitafuta hewa. Bahati nzuri fundi mmoja alikata umeme, na wenzake wakauzima moto kwa blanketi zito.

Kesho yake, kufuli lilikuwa palepale.

Chiriku akawaka. "Sisi ni watu au ni marobota ya vitambaa?"

Wenzake wakamchagua awasemee kwenye mkutano wa wafanyakazi, mbele ya tajiri, yaani mwenye karakana. Walisema, "Mdomo unao. Tumtume nani mwingine?"

Siku ya mkutano Chiriku alisimama. Macho yakaganda sakafuni. Akaanza:

"Mheshimiwa mwenye karakana. Mheshimiwa msimamizi wetu mpendwa. Waheshimiwa wakuu wa meza ya kukata, ya kushona na ya kupiga pasi. Wageni waalikwa. Ningependa kuchukua fursa hii adhimu, yaani, kushukuru kwa kupewa fursa hii adhimu…"

Msimamizi akatazama saa yake. "Ahsante sana kwa salamu. Muda wako umekwisha. Anayefuata!"

Watu wakacheka. Hata mshona vifungo alijifunika uso kwa kanga. Chiriku akakaa, masikio yakimwaka moto.

Nyumbani alibamiza sufuria jikoni mpaka mama yake akaja kuchungulia.

"Mwanangu, sufuria imekukosea nini?"

"Wamenikata, mama! Mtu alikaribia kufa, wao wanatazama saa!"

"Lakini wewe hapa nyumbani humwachi mtu amalize neno. Huko ulipatwa na nini?"

Jirani yao, mtangazaji wa redio, alikuwa uani akianua nguo. Akasikia yote. Akaingia na kapu lake kiunoni.

"Mdogo wangu, niambie. Unataka nini?"

"Dada, yule msimamizi hana utu, tena toka zamani, maana hata mwaka jana…"

"Sijauliza habari zake. Unataka nini?"

"Nataka haki! Nataka watuheshimu! Nataka…"

"Tajiri hawezi kufungua heshima kwa ufunguo. Unataka afanye nini?"

Chiriku akaweka sufuria chini. Kisha akasema polepole, "Mlango wa nyuma usifungwe tukiwa ndani."

"Hiyo ndiyo hotuba yako," jirani alisema. "Mengine yote yaitumikie hiyo."

"Na salamu? Nisiposalimu wakubwa wataniona sina adabu."

"Salimu watu wote kwa pamoja, mara moja. Adabu ni kutowapotezea watu muda. Wewe uliwavisha vyeo mpaka dakika zikaisha. Msimamizi alifurahi, maana ulimfanyia kazi yake."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku, kwa sababu yalikuwa kweli.

"Ukishasalimu, eleza ulichokiona kwa macho yako," jirani aliendelea. "Usitukane mtu. Ukitukana, watajadili tusi na kuuacha mlango. Kisha sema unachotaka. Halafu uliza swali, unyamaze."

"Ninyamaze? Mimi?"

"Hapo ndipo pagumu kwako," mama yake alidakia, na wote watatu wakacheka.

Jirani akampeleka uani. Akamsimamisha ukutani, yeye akaenda mpaka upande wa pili, kwenye kamba ya nguo. "Sema nikusikie hapa. Usipige kelele. Vuta pumzi kwanza. Nitazame mimi, si ndala zako. Ukikosa neno, tulia. Usiweke 'yaani'."

Chiriku alisema, akakosea, akarudia. Jioni zilizofuata akarudia tena, mama yake akiwa msikilizaji. Kila alipoongeza porojo, mama alipiga miayo ya makusudi.

Mkutano mwingine ukafika. Chiriku alisimama. Akavuta pumzi. Akamtazama mshona vifungo, kisha tajiri.

"Habari za asubuhi, nyote. Siku ya moto tulikimbilia mlango wa nyuma. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Huyu mwenzetu alianguka hapa, miguuni pangu. Alikuwa anakwaruza sakafu kwa kucha akitafuta hewa. Mwenye ufunguo hakuwepo."

Mshona vifungo akaitikia kwa kichwa.

"Mbona hujasalimu wakubwa?" msimamizi alifoka.

Hasira zilimpanda Chiriku. Jibu kali lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza. Akamgeukia tajiri.

"Tunataka mlango wa nyuma usifungwe tukiwa ndani. Je, utafunguliwa leo?"

Akanyamaza.

Msimamizi alikohoa. Chiriku aliuma ulimi wake kwelikweli, lakini macho hakuyaondoa.

"Kwa nini sikuambiwa?" tajiri aliuliza mwishowe.

"Tulisimama kukuambia," Chiriku alisema. "Tukaambiwa muda umekwisha."

Tajiri alimgeukia msimamizi na kunyoosha mkono. "Ufunguo."

Siku ileile kufuli liliondolewa. Baadaye fundi aliweka komeo linalofunguka kwa kusukuma kutoka ndani. Mtu wa nje hawezi kuingia, lakini wa ndani anatoka. Vitambaa havikuibiwa. Wafanyakazi wakafanya mazoezi ya kutoka, na mshona vifungo akapewa meza iliyo karibu na mlango huo.

Mkutano uliofuata, binti mmoja wa meza ya kukata alisimama. Ni mpole, sauti yake hata wenzake wa karibu huisikia kwa shida. Alivuta pumzi, akainua uso.

"Habari za asubuhi, nyote. Mkasi wa umeme hauna kinga. Jana ulinichana kidole."

Msimamizi akanyanyua mkono wenye saa.

"Mwache amalize!" karakana nzima ikasema.