Geuka Kwenye Kijiti

Kaka yangu Sjur alitutoka siku ya Ijumaa, wiki moja kabla ya Ijumaa Kuu, Oslo nzima ikiwa inahamia milimani. Stesheni ya Majorstuen ilijaa watu wenye skii, zile mbao ndefu za kutelezea theluji, mabegani na machungwa mifukoni. Sjur aliegemeza skii zake na za mkewe, Torunn, ukutani, akaketi kwenye benchi, akamtuma Torunn kahawa. Torunn aliporudi na vikombe viwili alimkuta ameinamisha kichwa. Alidhani amesinzia. Mama mmoja aliyeketi karibu naye alidhani hivyohivyo, maana alikuwa amesogeza mfuko wake ili asimwamshe.

Moyo ulisimama, madaktari walisema. Hakuwa mgonjwa.

Jioni nilimkuta Torunn nyumbani kwao, amekaa jikoni na koti mwilini. Skii zote alikuwa amezirudisha kwa treni, akazisimamisha mlangoni mahali pake.

"Wifi, vua koti," nikamwambia.

"Ndiyo," akajibu. Hakulivua.

Sikulia, naye hakulia. Nilitazama zile skii nikajiuliza kama Pasaka nyingine itamleta kwetu. Alikuja kwetu kwa ajili ya Sjur tu, na hakuwahi kutuficha hilo.

Walikutana stesheni hiyohiyo, asubuhi moja ya Januari, miaka mingi nyuma. Torunn alikuwa anawahi kwenye duka la miwani alikokuwa akifanya kazi, amevaa koti jekundu la kiunoni na viatu visivyofaa kwa barafu. Sjur alikuwa amevaa sweta la sufu lililotoboka kiwiko. Aligeuka ghafla, skii za begani zikageuka naye, kofia ya Torunn ikaruka hadi relini.

"Samahani, dada!"

"Hiyo samahani itashuka kuniletea kofia?"

"Ningeshuka mwenyewe, ila mimi ni dereva wa tramu. Nayajua ya wanaoshuka relini."

Torunn alimtazama kuanzia kiwiko hadi viatu. "Na hizo mbao unazipeleka wapi?"

"Msituni. Na Pasaka nazipeleka mlimani, wiki nzima. Wewe huendi?"

"Mimi mtu wa Bergen, kwetu ni mvua. Na hata tungekuwa na theluji! Mtu ana nyumba yenye joto, anaiacha, anakwenda kulala kwenye nyumba isiyo na bomba, anajichosha kutwa, halafu anasema amepumzika. Hiyo ni akili?"

Sjur alicheka mpaka skii zikagongana. "Utamu wake unauona jioni. Ukirudi umechoka vile, supu ya paketi inageuka karamu."

"Supu ya paketi ni supu ya paketi, kaka yangu."

Kesho yake alimpelekea kofia mpya dukani. Kuanzia hapo, kila tramu ilipofika mwisho wa njia, simu ya Torunn ililia.

"Mwanamke wa mvua, umekula?"

"Nimekula, bwana mbao. Na wewe?"

"Bado. Nasubiri kualikwa."

"Subiri sana."

Lakini alimwalika.

Pasaka ilipofika, Sjur alimleta kwenye nyumba yetu ya mlimani, juu ya kijiji cha Geilo. Mama yetu, Borghild, alimpa soksi nene na skii za kuazima. Siku ya Ijumaa Kuu tulipanda kwenda kileleni, ndiko tunakokula machungwa yetu ya Pasaka. Sjur alitangulia.

Nyumbani kwetu anayetangulia hageuki. Baba alitufundisha hivyo tungali wadogo: ukimgeukia mtu kwenye theluji unamwambia huiamini miguu yake. Mgeni anaheshimiwa kwa kuachwa aende kwa mwendo wake. Hakuna aliyefikiri kumweleza Torunn. Nani humweleza mgeni namna ya kula mkate?

Torunn alianguka kwenye mteremko wa kwanza. Akaita, upepo ukaichukua sauti. Akainuka, akaanguka tena. Mbele aliliona sweta la bluu la Sjur likizidi kuwa dogo, bila Sjur kugeuka hata mara moja. Sisi tulifika juu, tukaketi juani, tukamenya. Sjur alimwekea Torunn chungwa kubwa kuliko yote. Alilishika mkononi hadi likapata joto.

Torunn alikwisha kurudi nyumbani, akachukua mkoba wake, akateremka kwenda kupanda treni.

Alipokea simu siku ya pili.

"Torunn, mpenzi, uko wapi?"

"Mjini. Kuna joto, na bomba linatoa maji."

"Nimekukosea nini?"

"Umenipa kisogo, Sjur. Nimeanguka, nimekuita, nimeona kisogo. Mtu asiyenitazama nikiwa chini atanitazama lini?"

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Heshima gani hiyo yenye kisogo?" Akakata.

Sjur alifunga mkoba palepale. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kushuka mlimani kabla Pasaka haijaisha.

"Na kesho ndiyo sikukuu yenyewe!" mama alifoka.

"Kwangu imeisha, mama."

Torunn alifungua mlango akamkuta amesimama, uso mwekundu kwa jua na duara jeupe kuzunguka kila jicho pale miwani ilipokuwa. Barabara nyuma yake ilikuwa tupu, mji umebaki na paka.

"Umekuwa kama bundi," Torunn akasema.

"Nimekuletea chungwa lako."

"Machungwa hata madukani yapo."

"Maduka yamefungwa."

Torunn alitaka kununa, akashindwa. Akampisha. Sjur alimweleza jikoni jinsi baba alivyotufundisha, na Torunn alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwetu anayetangulia hugeuka," akasema. "Hamgeukii mwenzake kwa kuwa hamwamini. Anamgeukia kwa kuwa anamtaka."

"Basi nitageuka. Kwenye kila kijiti cha alama njiani."

"Mwaka gani huo?"

"Kila mwaka. Ukikubali kuwa wangu."

Torunn alimenya chungwa, akampa nusu. "Nitakuja. Ila nisiambiwe niupende huo mlima wenu. Mimi bado naona ni ujinga."

"Najua," Sjur akasema mdomo ukiwa umejaa.

Na kweli alikuja, kila mwaka. Njia yetu ya kileleni huwekewa vijiti vya alama ili watu wasipotee ukungu ukishuka. Kwenye kila kijiti Sjur alisimama, akageuka, akangoja mpaka Torunn ainue fimbo yake ya skii. Mama alikuwa akisonya. "Huyu atapata kizunguzungu." Torunn alikula supu ya paketi, akasema ni supu ya paketi.

Mwaka huu, Pasaka ya kwanza tangu Sjur atutoke ilipokaribia, mama alimpigia Torunn simu. Nilikuwepo, nikasikia yote.

"Torunn, mwanangu."

"Naam, mama."

"Chumba cha juu nimekitandika."

"Mama, mimi sijawahi kuupenda ule mlima."

"Najua. Nimetandika tu."

Wakaagana.

Sikumtarajia. Lakini Jumatano alishuka kwenye treni na skii zake za kijani. Za Sjur aliziacha mlangoni kwao Oslo. Ijumaa Kuu mama alibaki kuchochea jiko, sisi wawili tukatoka. Nilijiweka mbele, kama nilivyozoea.

"Wifi," akaniita. "Nipishe nitangulie. Nikibaki nyuma nitakuwa namtafuta huko mbele."

Nikampisha. Alikwenda polepole. Kwenye kijiti cha kwanza akasimama, akageuka.

Mimi sijawahi kutazamwa kwenye theluji. Sikujua uso wangu niufanyeje. Nikainua fimbo, akaendelea.

Juu kulikuwa na jua na upepo kidogo. Tulimenya.

"Bado ni ujinga," akasema.

"Ndiyo, wifi."

Mama alikuwa ametufungia machungwa matatu; la tatu tulimrudishia.

Sasa Torunn ndiye anayetangulia. Akifika kwenye kijiti, hugeuka.