Shemeji Yuko Darajani

Binamu yangu aliolewa na mhandisi wa jeshi, na kaka wa binamu huyo alikuwa sajini katika kikosi kimoja na mhandisi. Vita vilipowapeleka ng'ambo, shemeji hao wawili waliondoka pamoja.

Kazi yao ilikuwa kujenga madaraja ya chuma pale mabomu yalipovunja ya zamani. Kikosi kilikuwa na desturi moja: aliyejenga husimama chini ya daraja lori la kwanza linapopita. Ukijua utakuwa chini, hulegezi kazi.

Asubuhi moja ya jua zuri mhandisi alikuwa akigonga pini za kufungia boriti kwa nyundo, moja baada ya nyingine, akisikiliza mlio wake, alipoitwa kwenye simu ya kambi. Mkewe amejifungua.

"Kimbia, shemeji," sajini akamwambia. "Chini nitasimama mimi. Na mtoto akifanana na wewe, mpe mama yake pole."

Mhandisi akakimbia huku anacheka. Ilibaki pini moja hajaigonga. Hakukumbuka kusema.

Alikuwa bado anasikiliza kilio cha mwanawe kwenye simu, lori la kwanza likagusa daraja, nalo likaanguka.

Mto ulimchukua sajini. Hakuonekana tena.

"Niitie kaka nimwambie mwenyewe kwamba amekuwa mjomba," mkewe alisema kwenye simu kesho yake.

Wakubwa walikuwa wamemwachia mhandisi, kwa kuwa ni ndugu, kupeleka taarifa nyumbani.

"Yuko kazini," alijibu. "Yuko darajani."

Akasema hivyo siku ya tatu. Na ya tisa. Na ya ishirini.

Daraja jipya lilianza kujengwa palepale. Mafundi wakawa wanasikia nyundo chini ya daraja. Ngo. Ngo. Ngo. Wakichungulia, maji matupu. Fundi wa kulehemu aliomba ahamishwe, na hakutaka kusema kwa nini.

Siku ya lori la kwanza mhandisi alishuka chini mwenyewe. Lori lilikuwa limejaa majeruhi. Likaingia darajani. Chuma kikalia. Akainua macho.

Tundu la pini ya katikati lilikuwa wazi.

Pini ile aliitia kwa mkono wake jana yake. Haikuwemo. Boriti ikashuka kidogo. Ikasimama. Ikainuka tena.

Nyuma ya sikio lake mtu alikuwa anahema, kama aliyebeba gunia zito.

"Shemeji."

Hakugeuka. Hakuweza.

"Umemwambia?"

"Bado," alinong'ona.

"Ulisema niko kazini." Pumzi ile ilinuka tope. "Nimechoka, shemeji."

Lori likapita salama. Mhandisi akapanda ukingo kwa magoti, akafunga daraja, akahakikisha hakuna mtu juu wala chini. Kisha akaenda kwenye simu.

"Mtoto ana vidole vya kaka kabisa!" mkewe alianza. "Mwambie aje ajionee."

"Kaka hayupo," alisema. "Alikufa siku ile uliyojifungua. Kuna pini sikuigonga. Alisimama mahali pangu."

"Siku zote hizo?" mkewe aliuliza.

"Siku zote hizo."

Ndipo binamu yangu akalia. Na kule mtoni daraja tupu likainama, likalala majini polepole, bila kishindo, kama mtu anayetua mzigo.

Baada ya siku mbili mafundi waliivuta boriti ya katikati kutoka kwenye tope. Upande wake wa chini ulikuwa umebonyea, upana wa bega la mtu mmoja. Maji ya mto ule yalikuwa baridi ya kuumiza meno. Lakini pale palipobonyea, chuma kilikuwa na joto la mwili.

Mhandisi akapiga magoti, akaweka shavu lake pale. Hakuna aliyethubutu kumwinua. Alikaa hivyo mpaka kikapoa.