Aliyelala Chini ya Miguu ya Kali

Haya yalimpata rafiki yangu Leticia, muuguzi katika kijiji cha Daudi, na mpaka leo hunisimulia akiwa ameinamisha uso. Injinia wa barabara, Mhindi, alipohama alimwachia picha ya Kali, mungu wao wa kike: mweusi, ulimi nje, shingoni shada la vichwa vya watu, amemkanyaga mumewe aliyejilaza chini kuzuia hasira yake.

“Huo ulimi umemtoka kwa aibu ya kumkanyaga mumewe, dada,” alimweleza. “Mtunzie heshima.”

Leticia akaahidi.

Jumamosi jioni mama mchungaji alibisha hodi. Leticia akaona haya, akaichomoa picha ukutani, akaificha stoo nyuma ya magunia ya mahindi, ndipo akafungua mlango. “Shikamoo, mama. Karibu.”

Aliporudi stoo kuchukua mkaa wa chai, umeme ukakatika. Akapapasa gizani, peku. Mguu ukakanyaga kitu laini, chenye joto, kikapanda na kushuka. Akasikia pumzi ikishushwa polepole.

“Samahani, baba!” Akauma ulimi.

Akawasha tochi ya simu. Sakafu ilikuwa tupu. Picha ilikuwa mbele ya magunia, imemtazama. Kali alisimama peke yake, ulimi nje, na chini ya miguu yake hapakuwa na mtu.