Dadu Inayoungua

Kila Jumatano baada ya masomo, Wiebke alikwenda maktaba ya mji wao mdogo, akavua koti, akaketi kwenye meza ya dirishani na kucheza michezo ya ubao. Hata sasa, wiki tatu baada ya kumzika babu yake, alikwenda. Hakuna kilichomfurahisha wala kumuumiza. Miguu ilimpeleka tu, kwa kuwa ilizoea.

Jumatano hiyo, kwenye mchujo wa maktaba, walibaki wawili, yeye na rafiki yake Jorid. Mshindi angewakilisha maktaba kwenye mashindano ya Ujerumani nzima kule Essen. Ulikuwa mchezo wa kujenga miji, na Wiebke alihitaji sita ili apate matofali ya mwisho. Akiikosa, Jorid angeshinda kwenye zamu yake inayofuata.

"Rusha basi, tutazeeka hapa," alisema Jorid, akainama kuokota biskuti yake iliyoanguka.

Dadu ilibingirika hadi ukingoni mwa ubao, ikatulia. Mbili.

Wiebke akaisukuma kwa kidole mpaka ikaegemea ukingo.

"Inaungua," alisema. Ndivyo walivyosema wote dadu isipolala sawasawa, na inayoungua hurushwa tena.

Jorid akainuka, akaitazama. "Kweli inaungua. Hata dadu imekuchoka wewe. Haya, rudia."

Ikaanguka sita.

Jorid akampa mkono. "Hongera. Usituaibishe huko."

Wiebke alingoja furaha, haikuja. Akangoja aibu, nayo haikuja. Alichojua ni kwamba Jorid alimwamini bila kuuliza. Akaenda kwa Bi Brinkmann, mkutubi, aliyekuwa ameshika kalamu.

"Usiandike jina langu. Haikuwa inaungua. Ilikuwa mbili, nikaisukuma."

"Wewe Wiebke!" Jorid alisema nyuma yake. "Ningekuona, ningekumwagia juisi yote."

Wakairudisha dadu kwenye mbili. Jorid akacheza zamu yake, akashinda.

"Kwa nini umesema?" Bi Brinkmann alimuuliza Wiebke taratibu.

"Sijui. Siku hizi sihisi kitu."

"Si lazima uhisi kitu ndipo useme kweli, mwanangu. Dadu huanguka itakavyo, hilo halimo mikononi mwako. Kazi yako ni kuitaja namba iliyoanguka. Leo umeitaja, tena ukiwa na huzuni."

Jorid alikuwa akipanga upya vipande ubaoni.

"Njoo unifanyishe mazoezi," alisema. "Lakini mikono juu ya meza."

Wiebke akaketi, akaiweka yote miwili juu ya meza.