Meza ya Baba na Mashine ya Mvuke

Jumamosi hiyo duka la vifaa vya nyumbani lilifurika watu, lakini fundi cherehani mmoja, gauni lake la kijani limemkaa sawasawa, alisahau hata kupumua. Muuzaji alikuwa amepitisha mvuke kwenye kigae cheusi kwa uchafu, na kigae kikawa cheupe bila sabuni.

"Makubwa! Maji matupu?"

"Maji matupu, dada. Hii ndogo ya mkononi ni ya sinki na vioo. Ya fimbo ni ya sakafu. Hii ya tangi, yenye mpira mrefu, inasafisha kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu," alijibu, macho usoni kwake, akili imeshahama.

"Basi nipe. Mama ana pumu, dawa za kusafishia zinambana kifua."

Fundi aliondoka na mashine ya tangi pamoja na namba ya simu ya muuzaji.

Wakapigiana simu wiki tatu, asubuhi na jioni. "Umeamkaje, mpenzi?" "Nimeamka nachemka kwa ajili yako!" Wakacheka hadi mbavu zikawauma.

Siku moja fundi akapiga, sauti imebadilika. "Uliniambia kila kitu! Nimeipitisha kwenye meza aliyoitengeneza marehemu baba. Vanishi imekuwa nyeupe, mama analia. Usinipigie tena!"

Muuzaji alitambua kosa lake mara moja. Mbao zenye vanishi hazipigwi mvuke, na yeye humwambia hivyo kila mteja. Huyu tu ndiye aliyesahau kumwonya, kwa kuzubaa akimtazama. Akakimbilia kwa seremala kuomba ushauri, kisha akaenda kubisha hodi nyumbani kwa fundi.

"Shikamoo, mama. Kosa ni langu, si la binti yako. Naomba pasi na kitambaa cha pamba."

Fundi alimpa bila kumtazama. Muuzaji akaweka moto mdogo, akatandika kitambaa juu ya doa, akapitisha pasi taratibu. Alipokiinua, weupe ulikuwa umepungua. Akarudia. Mara ya tano meza ikarudi kahawia, hata mistari ya mbao ikaonekana.

"Ulijua itafaa?" fundi alinong'ona.

"Sikujua. Nilijua tu siwezi kukupoteza."

Mama aliipapasa meza, machozi yakimtiririka. "Baba yake alianza kuitengeneza siku aliyozaliwa huyu," alisema. "Karibu kiti, mwanangu."

Muuzaji hakuketi. Alimgeukia fundi. "Nikubali niwe mume wako."

"Nimekubali," alijibu. "Ila zima pasi kwanza."